Rubani na Kitabu cha Hitilafu

Mshonaji alikuwa akitia uzi kwenye cherehani, saa saba mchana, mumewe aliporudi kutoka vitani, siku tisa baada ya kuzikwa. Alikuwa amevaa buti na ovaroli ya urubani, akielea juu ya sakafu kiasi cha shubiri moja.

"Umechelewa," mkewe alimwambia. "Chakula kimeshapoa."

"Kipashe tu, mke wangu."

Tangu hapo alirudi kila siku saa hiyohiyo, akaondoka jua likizama. Mshonaji alifurahi na hakuficha. Enzi za uhai wake rubani alikuwa mtu wa leo yupo, kesho hayupo. Sasa mkewe alipiga deki chini ya miguu yake bila kumwambia asogee, naye akatundika mapazia bila kupanda kiti. Majirani walimtania rubani kwamba kwa mwendo ule soli za buti hazitaisha.

Jambo moja tu lilimkaa mshonaji rohoni. Rubani alikuwa ameruka vitani mara kumi na moja, akaangusha ndege mbili za adui, na kila mara akarudi. Mara ya kumi na mbili injini ilizimika kabla hajamwona adui yeyote. Ripoti ya jeshi ilisema: kosa la rubani. Binti yao wa darasa la tatu alikuwa akichekwa shuleni kwamba baba yake hakujua kuendesha. Kumbe, kama rubani alivyomweleza mkewe, asubuhi ya ajali fundi wa ndege alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, kwenye kitabu cha hitilafu: isiruke.

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," mshonaji alisema. "Twende ukawaeleze mwenyewe."

Kwenye ofisi ya jeshi karani alileta viti viwili, akamtazama rubani, akarudisha kimoja. Akafungua kitabu.

"Maandishi mekundu nayaona, mama. Lakini chini yake kamanda ameandika iruke, na marehemu akatia sahihi kwamba amepokea ndege nzima. Afande, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu. Bila sahihi huruhusiwi kuruka."

"Si ungekataa?"

"Ningekataa ningefungwa."

"Ungefungwa ukiwa hai," karani alisema kwa upole. Hakuwa mtu mbaya. Akaeleza kwamba kwa mujibu wa kanuni marehemu hawezi kuwa shahidi wa kifo chake, maana hakosi kujipendelea. Akagonga muhuri juu ya maneno yaleyale ya ripoti: kosa la rubani.

Mshonaji alikasirika. Alimwambia karani kwamba muhuri haugeuzi uongo kuwa kweli. Karani alikubali, akawafungulia mlango.

Kwenye ujia walikutana na kamanda, kikombe cha chai mkononi. Rubani alikakamaa palepale hewani, akapiga saluti kama alivyofunzwa. Kamanda alihamishia chai mkono wa kushoto, akaijibu saluti, akapita zake. Rubani alibaki na mkono kwenye paji la uso, akisubiri amri ya kulegea, ambayo kamanda hakuitoa. Mkewe alisubiri naye kidogo. Kisha akaushika ule mkono, akaushusha yeye mwenyewe, na hakuuachia mpaka nyumbani.