Gari la Kaz Halitoki

Kaz Wrobel alilisema neno lake mezani, sahani ya kabichi na soseji ikiwa mbele yake, na alilisema mbele ya binti yake makusudi ili lisije likarudishwa nyuma.

"Nyumba hii nitatoka ndani ya gari langu, likitembea kwa nguvu zake lenyewe. La sivyo mtanitoa ndani ya sanduku."

Marcella, binti yao, alimtazama mama yake. Bernadine, mama mtu, alitazama kabichi.

Hiyo ilikuwa Pasaka ya mwaka juzi, na tangu siku hiyo Bernadine alikuwa kama mbuzi aliyefungwa kambani. Akipiga hatua kuelekea mlangoni, kamba inamvuta, na mwisho wa kamba lipo gari. Mwaka jana walipatikana watu wa kuinunua nyumba. Wakangoja hadi Desemba gari litoke, wakachoka, wakaenda zao. Mwaka huu walipatikana wengine, mume na mke, wauguzi wote wawili, nao walitaka funguo Ijumaa ya mwisho ya Oktoba. Isipokuwa hivyo, walisema, wamekwishaona nyumba nyingine.

Bernadine alikuwa na sababu yake ya kutaka kuondoka. Mashine ya kufulia ilikuwa chini ya nyumba, ngazi kumi na nne kwenda na kumi na nne kurudi. Februari aliteleza ngazi ya tisa. Alilala chini kule saa mbili nzima, shuka mbichi zimemfunika kama maiti, akiita, na juu Kaz amelala mbele ya televisheni, mpira wa magongo unapiga kelele. Goti halikurudi lilivyokuwa. Huko Kentucky anakoishi, Marcella alikuwa amewatengea vyumba viwili visivyo na ngazi hata moja, na theluji ya huko huja kusalimia tu, haikai. Ya hapa kwao Saginaw huja Novemba na mizigo yake yote.

Kwa hiyo kama Bernadine alitaka kutoka, ilimpasa atengeneze gari.

Lilikuwa Chevelle la mwaka sabini, milango miwili, rangi ya kijani cha chupa ya bia, boneti pana ungeweza kulalia. Kaz alilinunua akiwa kijana wa kiwanda cha kusubu vyuma, ndilo alilomtongozea Bernadine. Injini yake ya asili ilipasuka kwa baridi mwaka aliosahau kumwaga maji. Ikabidi liwekewe injini ya kisasa, iliyotolewa kwenye pikapu iliyogongwa, yenye kompyuta na msitu wa nyaya. Lakini mikono ya Kaz ilikuwa imeshaanza ule ugonjwa wa kutetemeka. Kijiko tu kilikuwa kinamwagika njiani.

Basi mikono ikawa ya Bernadine. Kila asubuhi alimfunga Kaz vifungo vya shati la kazi, kimoja kimoja, kisha wanashuka gereji. Kaz anakaa kwenye kigoda chake cha magurudumu na kuamuru, Bernadine analala chini juu ya boksi lililofumuliwa. Alikuwa ameshona magauni ya harusi miaka thelathini na mbili, nyaya hazikumtisha. Alizifuata kama nyuzi, akazifunga mafungu kwa rangi. Alibadilisha bakuli la oili lililokuwa likikwaruza chuma cha mbele. Alisogeza vishikio vya injini, akavirudisha, akavisogeza tena. Na kwa kuwa mwanamume asiye na kazi huoza, alimwachia Kaz kazi moja: kisanduku cha fyuzi. Alikifunga chini ya dashibodi upande wa abiria, mahali ambapo Kaz angefika akiwa ameketi.

"Fyuzi ni zangu," Kaz alisema. "Usiziguse."

"Nani aziguse? Ni zako."

Septemba kila kitu kikawa mahali pake. Bernadine akazungusha ufunguo. Stata ikazunguka, ikazunguka, injini haikushika.

Jirani yao Otha Pettway, aliyefanya kazi na Kaz kiwandani na ambaye hakukosa gereji ile hata siku moja, akaleta kidude chake cha kusomea makosa, akakichomeka. Akavaa miwani.

"Inasema mkondo wa pampu ya mafuta."

"Ni pampu," alisema Kaz. "Shusha tanki, mama."

Bernadine akashusha tanki, akaweka pampu mpya, akapandisha tanki. Stata ikazunguka. Kidude kikasema vilevile.

"Pampu za siku hizi takataka," alisema Kaz. "Shusha tena."

Akashusha tena. Siku ya tatu hakuweza kuinuka kutoka pale chini. Otha alimshika kwapa akamnyanyua.

"Kaz, utamuua huyu mwanamke."

"Ameolewa miaka arobaini na minane hajafa."

"Si kwa kukosa sababu. Ungeacha injini ya zamani. Umelitoa gari moyo, ukaliwekea simu."

"Toka kwenye gereji yangu, Otha."

"Natoka. Kahawa ikiisha natoka."

Oktoba ikaingia. Majani yakaanguka, yakapeperuka mpaka mlangoni mwa gereji, na Bernadine alikuwa bado chini ya gari. Alifuata waya mmoja mmoja kutoka nyuma hadi mbele. Usiku aliota amelala chini ya gari na gari linashuka, polepole, bila kumuumiza, linamfunika tu kama mfuniko.

Ijumaa ilipobaki wiki moja, Kaz alikwenda kliniki na gari la kanisa la kupelekea wagonjwa. Otha akaja na kipande cha waya.

"Bena, tufanye jambo la kienyeji. Tuipe pampu umeme moja kwa moja toka kwenye betri."

Wakafanya. Huko nyuma pampu ikanguruma vizuri, kama paka aliyeshiba.

Walitazamana.

"Pampu nzima," alisema Otha. "Waya mzima. Rilei nimeibadilisha mwenyewe jana. Fyuzi?"

"Kaz anazikagua kila asubuhi."

Otha alikuna kichwa. "Injini yetu ya zamani ingeweza kununa. Unyevu kidogo, imenuna, kesho imekubali. Hii hainuni, Bena. Ikikwambia umeme haufiki, haufiki. Labda una panya."

"Labda," alisema Bernadine.

Mchana ule alishuka na nguo za kufua, ngazi kumi na nne, mkono mmoja ukutani. Alikagua mifuko kama kawaida yake, maana Kaz huacha vijiti vya meno. Katika mfuko wa kifua wa shati la kazi alilovua Kaz kwenda kliniki, ule wenye kifungo, alikuta fyuzi. Ya njano, ndogo kama ukucha wa dole gumba.

Aliiinua kwenye kidirisha. Kauzi ka ndani kalikuwa kazima.

Akapanda ngazi zote bila kupumzika. Akaenda gereji, akapiga goti bovu mlangoni mwa gari, akachomoa fyuzi ya njano iliyokuwa kwenye kisanduku, mahali pa pampu. Akaiinua nayo kwenye mwanga. Hiyo ilikuwa imeungua, nyeusi ndani.

Aliketi kwenye kile kigoda cha Kaz akiwa na fyuzi mbili kiganjani, moja hai na moja maiti. Kosa haliwezi kuwa hivyo. Mtu hasahau iliyo nzima mfukoni akafunga na kifungo. Alijiuliza ilimchukua dakika ngapi, kwa vidole vile visivyoweza kufunga shati. Akakumbuka: asubuhi ile ya kulijaribu gari mara ya kwanza, Kaz aliomba chapati za maji za kuviringa jibini, zile za mama yake, ambazo huchukua saa nzima jikoni. Alifurahi siku ile, akidhani mzee amepata hamu ya kula.

Hakulia. Aliweka iliyo hai mahali pake, akazunguka, akaketi nyuma ya usukani, akazungusha ufunguo.

Injini ilishika mara moja. Gereji nzima ilitetemeka, makopo yakacheza rafuni.

Gari la kanisa lilikuwa linamshusha Kaz wakati huohuo. Alikuja na kitembezi chake, kofia imekaa upande, akasimama mlangoni. Bernadine akazima.

"Limewaka," alisema Kaz.

"Limewaka. Nimemkamata panya."

Kaz alishika mfuko wa kifua wa shati alilovaa, shati la kliniki, halikuwa na kitu.

"Nilishusha tanki mara mbili, Kaz."

"Najua."

"Ulikaa hapo kwenye kigoda ukinielekeza. Ukaniambia nisisahau kubana mshipi wa kushoto wa tanki!"

"Usingeubana lingekuangukia."

"Usinichekeshe. Nina hasira."

Kaz aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa unapiga paja wenyewe. "Banda la Marcella lina mashine ya kukatia majani na baiskeli. Nimeliona kwenye picha. Nitafanya nini kule?"

"Utakaa."

"Ndiyo hivyo. Hapa asubuhi unanivalisha niende kazini. Kule utanivalisha nikae."

Neno lile lilimwingia Bernadine, na hakutaka limwingie.

"Mimi nilianguka ngazi ya tisa," alisema mwishowe.

"Nilikuwa nimelala, mama."

"Ulikuwa umelala. Na theluji ikija tena, utakuwa umelala tena. Mimi nitakuwa kule chini, na gari lako litakuwa hapa linangoja pampu."

Bernadine alichomoa ile fyuzi, akaitia mfuko wa aproni. "Sasa nitaitunza mimi. Ijumaa saa tatu asubuhi utaipata. Umeitoa kwa mkono wako, utairudisha kwa mkono wako. Ukikataa, naondoka na basi, na wauguzi wakikukuta humu gerejini, mtajuana."

"Usingefanya hivyo."

"Nilishusha tanki mara mbili," alisema Bernadine. "Hujui tena nitakalofanya."

Na kwa kweli yeye mwenyewe hakujua. Siku zile saba alifunga maboksi bila kumtazama Kaz, akimfunga vifungo huku akitazama ukuta.

Ijumaa Otha alikuja na vikombe vitatu vya kahawa na maandazi ya jamu. "Mtafika Toledo, kabla ya nusu ya njia," alisema. "Mkivuka Toledo nipigieni, nitamshukuru Mungu."

Hakuna aliyecheka. Kaz alikuwa ameketi kiti cha abiria, mguu mmoja nje, kisanduku cha fyuzi mbele ya magoti yake. Bernadine alimwekea ile ya njano kiganjani, kisha akaingiza mikono yake miwili ndani ya mifuko ya koti na kuiacha humo.

Jaribio la kwanza ilimwangukia pajani. La pili ilimwangukia pajani tena. La tatu ilikwenda sakafuni, na Kaz alitazama chini muda mrefu.

"Nisaidie, mama."

"Hapana."

Pale sakafuni mwa gari palikuwa na tundu lisilozibwa bado, karibu na kiatu chake. Msukumo mdogo tu wa kidole, ingezama humo. Bernadine aliliona tundu. Aliona kwamba Kaz naye ameliona. Ndani ya mifuko, vidole vyake vilikuwa vinavuta nyuzi za bitana.

Kaz aliinama, akipumua kama anayebeba gunia, akaiokota. Aliukamata mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaubana kwenye goti ili utulie. Otha aligeuka, akajifanya anasoma kopo la rangi. Kahawa zilipoa. Fyuzi ilikwaruza, ikateleza, ikakwaruza.

Ikalia tak.

"Washa," alisema Kaz. Uso wake ulikuwa umelowa.

Bernadine aliwasha. Otha alifungua mlango wa gereji, na mwanga ukaingia mpaka viti vya nyuma. Mguu wa Bernadine haukuwa umeizoea klachi. Gari liliruka kama chura, likafa, likawaka tena, likatoka juu ya majani hadi barabarani.

"Taratibu," alisema Kaz. "Injini ni ngeni kwenye mwili huu. Sasa gia ya pili. Bado. Bado… sasa. Unasikia? Hapo ndipo inapotaka."

"Nasikia."

"Husikii. Umechelewa kidogo. Kwenye taa zile nitakwambia."

Kentucky ilikuwa maili mia nne na ushee. Bernadine alishika usukani kwa mikono miwili, akakanyaga, akangoja kuambiwa.