Kamba ya Maziwa

Mtaani walimwita Bi Simu, kwa sababu maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye chumba cha simu cha hospitali, akiwaunganisha madaktari na wake zao, na wakati mwingine na wasio wake zao. Kazi ile ilimfundisha kusikia yote na kukaa kama hakusikia kitu. Hakujua kwamba ujuzi huo angekuja kuuhitaji nyumbani kwake, tena akiwa chali kitandani.

Aliteleza bafuni, nyonga ikavunjika. Wakamtia vyuma, wakamrudisha nyumbani, wakamwambia avumilie. Tangu hapo dunia yake ikawa dari yenye doa la maji, dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na ukuta wa kichwani, ambao upande wake wa pili ulikuwa gereji. Gari la marehemu mumewe liliuzwa kitambo. Sasa mle gerejini zilikaa spika kuukuu, ngoma, nyaya zilizosokotana kama matumbo ya mbuzi na, kila Jumamosi mchana, bendi ya mwanawe.

Mwanawe huyo, mchomeleaji wa vyuma, ndiye aliyepiga gita na kuimba. Kinyozi wa barabara ya pili alizipiga ngoma kama zimemtukania ukoo. Gita la besi lilikuwa la binti wa duka la dawa, mpole, ambaye hakuanza mazoezi bila kuchungulia chumbani.

"Shikamoo mama. Leo tupige polepole?"

"Marahaba. Pigeni tu mwanangu, mimi nitakimbilia wapi?"

Hawakuimba nyimbo za watu, walitunga zao. Kulikuwa na wimbo wa bosi mwenye harufu ya vitunguu, na mwingine wa mbwa aliyekula kiatu cha bwana harusi. Bi Simu alizijua zote tangu zilipozaliwa zikiwa la-la-la tu hadi zilipoota meno. Alicheka peke yake, ingawa kucheka kulimuuma nyonga.

Kisha ukaja wimbo mmoja ambao haukuchekesha. Ulikuja kwa kusitasita, Jumamosi hii mstari mmoja, Jumamosi ile mwingine. Bi Simu akadhani kijana amependa. Akafurahi, akaanza hata kumtazama binti wa duka la dawa kwa jicho la mkwe.

Mchana mmoja wakauimba wote:

*Kamba yangu si mkonge, ningeikata zamani,*
*Imesukwa kwa maziwa, haikatiki jamani.*
*Kazini waliponiita, niliwajibu siwezi,*
*Nishike mama, niachie mama.*

Ngoma zikanyamaza. Binti akasema, "Hapo kwenye 'mama' tutie 'mpenzi'. Ukuta huu ni kama karatasi. Atasikia."

"Saa hizi amelala," mwanawe akajibu. Kisha akaongeza, "Haya, tutie 'mpenzi'."

Bi Simu hakuwa amelala. Alikuwa ameyakodoa macho darini, moyo ukimdunda hadi kwenye vile vyuma. Kiwanda cha mabehewa kule mji wa mbali kilimwita mwanawe wiki ileile aliyoanguka. Alipomuuliza, kijana alimwambia, "Wamesitisha kuajiri, mama." Naye alimwamini. Alishukuru hata, Mungu amsamehe.

Kwa siku kadhaa alijaribu kufanya kama alivyofanya hospitalini: kusikia na kusahau. Haikuwezekana. Simu za watu unaweza kuzikata. Huyu alikuwa akimletea chai, akimgeuza ubavu, akimfulia shuka bila kukunja uso. Kila alipoguswa na mikono ile yenye makovu ya cheche, alijiona yeye ndiye fundo la kamba.

Jioni moja kijana alipokuwa akimpangia mito, Bi Simu akaimba kwa sauti yake ya mkwaruzo, "Nishike mama, niachie mama."

Mikono ikasimama.

"Mama, ule ni wimbo tu."

"Usinidanganye mara mbili, baba. Wapigie kiwandani. Mimi nitamwita mama yako mdogo aje akae nami."

Walipiga simu zote mbili palepale, spika ikiwa wazi. Kiwandani wakasema nafasi imeshapata mtu. Mama mdogo akalia: mgongo wake mwenyewe haunyooki, na ana wajukuu wa kulea. Simu ilipokatika, mama na mwana hawakutazamana.

"Unaona?" kijana akasema taratibu. "Ndiyo maana sikukuambia."

"Basi nirudishie neno langu," akasema Bi Simu. "Kama ni mimi, uniimbe mimi. Usinifiche nyuma ya mpenzi usiye naye."

Jumamosi iliyofuata wakaliimba neno lile, 'mama'. Kijana alipiga kelele ya mtu aliyebanwa kidole mlangoni, kinyozi akazichapa ngoma mpaka glasi ya maji ikatetemeka mezani. Ulikuwa wimbo mzuri kuliko wote waliowahi kutunga. Hilo alilijua hata Bi Simu. Alitaka kuziba masikio, lakini ni yeye aliyeagiza. Akalala na kuusikiliza hadi mwisho, nao wakaurudia.

Wimbo ukatoka gerejini ukaingia mtaani. Wapita njia wakauimba. Muuguzi aliyekuja kumnyoosha mguu akaingia akiuimba puani, bila kujua ulikozaliwa.

"Wimbo huu haunitoki kichwani," akasema akimshika nyuma ya goti. "Huyu mwimbaji, mama yake sijui ni mtu wa namna gani."

"Ni mtu wa kawaida tu," Bi Simu akajibu.

"Haya, inua mguu. Juu kidogo."

Akaung'ang'ania ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili, akainua. Mguu ukapanda kiasi cha kupitisha kitabu chembamba, ukatetemeka, ukashuka.

"Tena," akasema, kabla muuguzi hajamwambia.