Tumbo la Baba Yake Kisu

Mimi sina subira na mtu anayetuita wapiga picha. Kazi yangu ni kuingiza mrija mwembamba ndani ya mshipa wa damu, nikiufuata kwenye skrini ya eksirei hadi panapovuja, na kupaziba. Kisu, ndivyo tunavyomwita daktari bingwa wa upasuaji hapa kwetu, analijua hilo fika. Hata hivyo kila akipita mlangoni kwangu huuliza, "Wapiga picha hamjambo? Nikae vipi nitokee vizuri?" Nami humwambia kwa sura ile mashine itagoma.

Asubuhi hiyo hakuwa na utani. Baba yake mzazi alikuwa anavuja damu kwenye kidonda, pale tumbo linapoungana na utumbo. Daktari wa kamera ya tumboni alishampitishia mrija wake kooni mara mbili, jana na leo. Alichoma sindano, akaunguza, akabana kwa kibanio cha chuma. Wapi! Damu ilirudi.

"Nampasua," Kisu alisema. "Chumba kiko tayari."

"Moyo wa mzee unafanya kazi nusunusu. Ukimfungua tumbo leo, huenda asiamke. Niachie mimi kwanza. Nikishindwa, chumba chako kiko hapo ng'ambo ya korido."

"Ni baba yangu!"

"Ndiyo maana hufai kumpasua."

Mzee mwenyewe, midomo imempauka, alifungua jicho moja pale kitandani. "Mnagombania tumbo langu na mimi nipo?" alisema. "Huyu mama aanze. Wewe subiri zamu yako."

Nilimpiga ganzi kwenye kinena, nikaingia na mrija wangu. Presha ilikuwa themanini na mfuko wa tatu wa damu ulikuwa unaisha. Nikamwaga dawa ya rangi kwenye mshipa, tukaangalia skrini. Hakuna kilichovuja. Kidonda kilikuwa kimenyamaza kwa muda, kama mtoto mtundu aliyesikia hatua za mama yake.

Kisu alifoka kutoka nyuma ya kioo. "Huoni kitu! Sasa unaziba nini? Mlete kwangu!"

Kusema kweli jasho lilinitoka. Kuziba mshipa usio wenyewe ni kumpotezea mzee muda ambao hana. Ndipo nikakiona kile kibanio cha daktari wa kamera, kimeng'ang'ania palepale ubavuni mwa tawi moja la mshipa, cheusi kwenye skrini. Tangu asubuhi wadi nzima inasema kashindwa. Kumbe alituwekea alama, Mungu ambariki!

"Tulia, kaka," nilimwambia. "Kidonda kiko hapo. Nikisubiri kivuje ndipo nikione, mzee atakuwa ameshatutoka."

Nilishusha visokoto vya waya upande wa chini wa kidonda, kisha upande wa juu, maana damu huja kutoka kote kuwili, na ukiziba upande mmoja umefanya mchezo tu. Nikamwaga rangi tena. Tawi lilikuwa limefungwa kabisa. Presha ikapanda: tisini, mia, mia na kumi. Nilijisikia raha, sitaficha. Kazi hii naijua.

Nilimkuta Kisu kwenye korido, ameegemea ukuta. "Tutamwangalia siku mbili tatu," nikamwambia, "lakini nimeridhika. Haya, niambie sasa, wapiga picha tumekuwaje?"

Hakucheka. "Dada, vidonge vilivyomletea kidonda, vile vya maumivu ya magoti, nilimpa mimi. Vikali, miezi mitatu, bila dawa ya kulinda tumbo. Mimi, daktari! Nilitaka nimpasue kwa mkono wangu, nirekebishe nilichoharibu."

Nikasema, "Lakini faili linasema alivinunua mwenyewe dukani. Muuguzi alimuuliza mara mbili, wewe hukuwepo. Akasema hakumwambia mtu, hata wewe."

Kisu aliketi chini na koti lake jeupe, akalia kwa sauti huku wauguzi wakipita. Nami yalinilenga machozi. Mzee alikuwa anatapika damu, na bado alipata pumzi ya kumfichia mwanawe aibu.

Niliketi kando yake hadi alipotulia, kisha nikamvuta mkono.

"Inuka, kaka. Baba yuko macho. Nenda ukamwambie mwenyewe haya uliyoniambia mimi."