Mpiga Picha wa Kukodi

Tangu vita hivi vipya vianze Juba na watu waanze kuvuka mpaka tena na magodoro kichwani, hapa Gulu kila mtu ananiuliza swali lile lile: "Proscovia, humhurumii mume wako aliyeko huko?" Nimhurumie! Kaeni niwasimulie safari tuliyosafiri wiki ya uhuru wa nchi yao, halafu mtaniambia nani wa kuhurumiwa.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa askari, na Kiswahili ndicho tulichotumia kugombania maji bombani tangu tukiwa wadogo. Ezbon, huyo mume wangu, alikuja kwetu mkimbizi kutoka Juba, ndala mguuni, hana hata shati la kubadilisha. Mama yangu akamlisha, kaka zangu wakampa kazi dukani, nami nikampenda na kumzalia wasichana wawili, Harriet na Angella. Tuliishi vizuri, sisemi uongo. Kitu kimoja tu: hakuwahi kunipeleka kwao. Mara ni vita, mara barabara mbovu, mara mabomu ya ardhini. Wanawake wenzangu wa kanisani wakaanza kunichokoza. "Huyo mume wako aliota shambani kama uyoga? Hana mama?" Nilicheka nao, lakini iliniuma sana. Mke asiyejulikana na mama mkwe ni nusu mke.

Basi uhuru ulipofika, Ezbon akasema anawapeleka watoto Juba wakamwone bibi yao. Nikamwambia, bila mimi hawatoki. Akaguna, akakubali. Nikaazima kamera ya dada yangu Shallon. Nilitaka wale wachokozi wa kanisani waone kwa macho yao: nchi mpya, nyumba ya wakwe, na mimi nimekaa ubavuni mwa mama mkwe, nimetambulishwa.

Nilipiga picha kama mwendawazimu. Nimule mpakani, Ezbon akimmenyea Angella ndizi. Vilima. Mawe yaliyopakwa rangi nyekundu kando ya barabara, ya kuonya kuhusu mabomu. Kila nikimpa kamera anipige na mimi, ananirudishia. "Shika wewe, Mama Harriet, mkono wako hautetemeki." Nami nikavimba kichwa kwa kusifiwa.

Kabla ya kuingia Juba kuna daraja la Nile. Basi likasimamishwa, tukashuka kukaguliwa. Bendera zilikuwa kila mahali. Ezbon mwenyewe, si mimi, akasema hapo ni pazuri. Akanyoosha tai, akawashika watoto mikono, daraja likawa nyuma yao. Nikapiga. Sijashusha mkono, kamera ikanyakuliwa.

"Daraja hapana piga picha!" akafoka askari, na Kiswahili chake kilikuwa cha Uganda kabisa. "Wewe iko na kibali?"

Sikuogopa sana. Mwenye nchi yake alikuwa hapo hapo, angezungumza nao kwa lugha yao. Nikanyoosha kidole. "Mwulize yule. Ni mume wangu."

Askari akamgeukia. "Huyu mke wako?"

Ezbon akanitazama. Haki ya Mungu, alinitazama usoni kabisa. "Hapana," akasema. "Mimi simjui. Ni mpiga picha wa kukodi, Mganda. Alikuwa anatafuta wateja kwenye basi."

Loo! Nilidhani masikio yangu yamejaa vumbi. Harriet akafungua mdomo aseme, nikaona baba yake anambana mkono mpaka mtoto akalia. Askari akaanza kupekua picha moja moja: Ezbon na watoto mpakani, Ezbon na watoto ndani ya basi, Ezbon na ndizi. "Kweli," akasema, "wewe hakuna hapa hata moja." Aliyeshika kamera ataonekana wapi?

Wakanikalisha kwenye kibanda cha mabati. Basi likaondoka na watoto wangu. Jua lilipoanza kushuka akaja mkubwa wao, mtu mzima mpole aliyesoma Uganda. Akaifuta picha ya daraja, akanirudishia kamera. "Mama, kazi yako hasa ni nini?" akauliza.

"Mpiga picha," nikasema.

Ndiyo, nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Niliogopa wakijua amewadanganya watamfuata wamkamate. Petro alimkana Bwana wake mara tatu, lakini sijasoma mahali popote kwamba Bwana alimsaidia kukana. Mjinga ni mimi.

Nilimkuta Ezbon mjini, stendi ya mabasi ya Custom. Hakuwa amekwenda popote kwa sababu Harriet alikuwa amekaa vumbini na kugoma kuinuka bila mimi.

"Nilifanya kwa ajili ya watoto," Ezbon akanong'ona. "Wangetukamata sote wawili, wao wangebaki na nani?"

Nikamsamehe. Bunduki ni bunduki, nikajiambia, hata shujaa huitetemekea. Nikajipangusa uso, nikafunga kitambaa kizuri kichwani, tukapanda pikipiki mbili kuelekea New Site, anakoishi mama yake. Huko hakuna bunduki, nikawaza. Huko atanitaja.

Mama mkwe, Mama Natalina, alitoka mbio bila viatu akipiga vigelegele. Ezbon akanigeukia upesi pale langoni: "Baki nyuma upige, wapate kumbukumbu." Nikapiga. Mama akimkumbatia mwanawe, mama akimbeba Angella, mama akimpapasa Harriet mashavu. Watu wakakaa mkekani. Mimi nikabaki nimesimama na kamera shingoni, nasubiri jina langu.

Mjomba wake Ezbon, Mzee Lukudu, alikuwa amewahi kuishi kambini Uganda na alijua Kiswahili. Akanikaribisha vizuri. "Asante kwa kazi yako, binti yangu. Tupige vizuri pamoja na hawa yatima."

"Yatima wa nani, mzee?"

"Hukuambiwa? Mama yao alifariki mwaka jana huko Gulu. Ezbon alitupigia simu akilia. Dada yangu huyu alilala chini siku tatu bila kula. Tulichinja mbuzi, tukaimba. Lakini Mungu hamtupi mja wake. Tumeshampatia mke mwingine, msichana wa hapa nyumbani, atawalea."

Mwaka jana! Mwaka jana nilikuwa nampigia mashati pasi! Kumbe pale darajani hakuogopa lolote. Alikuwa amenizika zamani, askari alimrahisishia tu. Kweli shukrani ya punda ni mateke. Nikashika nguzo ya nyumba.

Nikamtazama Ezbon. Nilimpa nafasi, Mungu ni shahidi wangu. Hakukuwa na askari pale, wala bunduki, ni mama yake, mjomba wake na kuku. Neno moja tu lingetosha, nami ningelia, ningemtukana, na baadaye ningemsamehe tena, kwa maana ndivyo nilivyokuwa. Akamgeukia Mzee Lukudu.

"Mjomba," akasema, "mpeni mpiga picha maji. Ana safari ya kurudi."

Mama Natalina akainuka mwenyewe kuniletea. Hakujua Kiswahili hata neno, alijua tu kwamba mgeni ana kiu. Akanipa kikombe kwa mikono miwili, akanitabasamia. Nilipiga magoti kama mkwe anavyopiga magoti, nikanywa maji yote, nikamrudishia kikombe. Yeye hakunikosea. Kisha nikaita, "Harriet! Angella!" Wote wawili wakanijia mbio, wakanishika sketi huku na huku, na pale mkekani watu wote wakageuka.

"Mzee Lukudu," nikasema, "nitafsirie kwa mama, usipunguze kitu. Mwambie namshukuru kwa mbuzi. Namshukuru kwa kunililia siku tatu, hata mama yangu mzazi hajawahi kunililia hivyo. Mwambie marehemu ndiye huyu aliyepiga magoti, na anaondoka na watoto wake."

Mzee Lukudu akanitazama, akamtazama Ezbon, akavua kofia yake. Halafu akamgeukia dada yake, akaanza kutafsiri.