Kinyago cha Fundi Cherehani

Haya nilisimuliwa na mkwe wangu, mke wa kitindamimba wangu, Jumapili ya pili baada ya mvua kukatika, tumekaa kitandani kwangu tunakunja nguo. Shati moja alilikunja mara tatu na kulikunjua, ndipo nikamwambia, sema mama, hilo shati halina kosa. Akasema.

Kazi yake ni ya hospitalini. Huwatengenezea vinyago watu wenye saratani ya kichwa na ya koo, na wagonjwa wamembandika jina, Mama Sura. Kinyago chenyewe si cha ngoma. Ni bapa la plastiki nyeupe lenye matundu madogo madogo. Hulitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto mpaka lilegee kama kitambaa kilicholowa, akalilaza juu ya uso wa mgonjwa, akalibonyeza kwa vidole puani, kwenye paji, chini ya kidevu. Likipoa linakuwa gumu, na mgonjwa akifungwa nalo kwa vibano kwenye kitanda cha mashine hawezi kutikisa hata sikio. Ndiyo maana yake. Mionzi ipige uvimbe, isipige uti wa mgongo.

Lakini mashine ya mionzi ya hospitali ile ilikufa, na huo ulikuwa mwaka wa pili. Ilikaa chumbani imefunikwa turubai kama maiti aliyekosa ndugu. Iliyobaki nzima ni mashine ya picha, ile ya kuonyesha uvimbe umekaa wapi. Ng'ambo ya mpaka, mwendo wa siku nzima, kulikuwa na hospitali yenye mashine nzima ya mionzi, ila foleni yao ya picha ilikuwa haina mkia. Basi madaktari wa pande mbili wakawa wanakutana kila Jumanne kwenye skrini. Mwaka mzima barua zinakwenda wizarani zinarudi, mpaka wakaelewana: kinyago na picha vifanywe huku, mionzi ipigwe kule. Mgonjwa avuke mpaka na kinyago chake mkononi, kila safari kwa kibali chake.

Kule alikuwako bwana mmoja, ndiye anayewafunga wagonjwa kwenye mashine. Mama Sura hakuwahi kumwona ana kwa ana. Walikuwa wakitumiana picha za vibano na vipimo vya kitanda ili kinyago cha huku kikae kule, wakazoeana, wakawa wanaitana jirani.

Mgonjwa wa kwanza wa mpango ule alikuwa fundi cherehani, mzee wa miaka sitini na ushei, uvimbe uko kooni. Alikuwa na ndevu nene, nyeupe, alizozifuga tangu mtoto wake wa kwanza azaliwe. Alikuja na mkewe.

"Umeshapima watu wangapi, mwanangu?" akauliza akiwa amelala chali.

"Wengi, mzee."

"Mimi nimepima watu miaka arobaini, sijambana mtu hivi. Nguo unaiachia nafasi kwenye mshono. Mtu akinenepa unaifungua. Wewe umeacha wapi?"

"Hiki hakiachiwi nafasi, baba. Kinakaa hivi hivi. Wewe ndiye utakayebaki ulivyo."

"Umeula wa chuya," mkewe akadakia. "Huyu tangu anioe hajabaki alivyo hata wiki moja."

Wakacheka wote watatu, na Mama Sura akamwambia mzee asicheke, plastiki itakunjamana.

Sasa, Mama Sura alikuwa na maneno yake manne. Kila mgonjwa akimfungua tu, kabla hajainuka, humwambia: usinyoe, usisuke, usinenepe, usikonde. Anayasema kama mtu anayepiga hodi, hayafikirii tena. Siku ile amefungua kibano cha mwisho tu, simu ikalia. Ni jirani.

"Imepita! Kibali kimesainiwa leo! Jumatatu ya tarehe kumi nileteeni wa kwanza!"

Mama Sura alitoka mbio mpaka dirisha la mwisho la ukumbi, ndipo simu inaposhika vizuri. Akapiga kelele. Wauguzi wakatoka vyumbani, wakakumbatiana, daktari mkuu mwenyewe akafuta miwani. Aliporudi, chumba kilikuwa kitupu. Pale kitandani palibaki kitana kidogo cheusi chenye unywele mweupe mmoja. Akakitia kwenye droo. Nitampa akija kuchukua kinyago, akasema moyoni, na yale maneno nitamwambia hapo hapo.

Kinyago kilichukuliwa siku ambayo yeye hakuwa kazini. Karani alimkabidhi mke boksi na barua. Na ile furaha ya kibali, mkwe wangu anasema, ilimtia upofu. Namba ya simu ya mzee ilikuwa kwenye faili mezani pake, siku kumi na mbili, hakuipiga.

Jumamosi, kesho yake wavuke, mke akamketisha mumewe uani, akampaka sabuni, akamnyoa. Wembe mpya, taulo safi shingoni, kioo mkononi mwa mzee. Mume alipobisha, mke akamwambia, "Unakwenda kwa mabingwa wa nchi za watu, na wewe ndiye wa kwanza. Wakuone kama mtu asiye na mke?" Akamnyoa mpaka kidevu kikang'aa.

Jumatatu saa tano asubuhi jirani alipiga simu ya video.

"Hebu tazama," akasema. Fundi amelala chini ya kinyago, na jirani anapitisha kidole kati ya plastiki na shavu. "Kinaingia. Na cha pili kinaingia. Hiki ni cha huyu kweli?"

Mama Sura aliutazama uso ule asiufahamu. Kidevu kidogo, kimerudi nyuma, ngozi yake imepauka kwa miaka ya kukosa jua.

"Alikuwa na ndevu," akasema.

"Hamkuwaambia wasinyoe?"

Kulikuwa na watu kila upande. Daktari mkuu alikuwa nyuma ya bega lake. Kule, madaktari watatu wamesimama, na mke wa fundi kwenye kona, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Niliwaambia," Mama Sura akasema.

Yule mama kwenye kona hakubisha. Alitazama sakafu kama anayetafuta alichodondosha. "Labda alisema," akanong'ona. "Labda mimi sikusikia."

Si kwamba wale mabingwa hawakuhangaika. Walikesha na vipimo vyao siku mbili. Jirani alikunja vitambaa, akatia sifongo, akaanza upya. Ila kichwa kilikuwa kinateleza, na uvimbe umepakana na uti wa mgongo. Ilibidi kinyago kipya na picha mpya. Foleni ya picha kule ilikuwa wiki saba, kwa hiyo arudi huku. Na akirudi huku kile kibali kimekwisha, ni cha kuvuka mara moja. Kibali kipya kilichukua wiki tano, na kinyago hakipimwi mpaka safari iwe karibu.

Wiki hizo tano fundi alikonda. Alipolazwa kwa kinyago cha pili hakufanya mzaha wowote, alihema tu kwa mdomo. Mama Sura alimbonyeza plastiki kwenye mashavu yaliyobonyea na kumwambia yale maneno manne yote, polepole, mbele ya mkewe, na mkewe akaitikia kwa kila neno, "Ndiyo, dada. Safari hii nimesikia."

Picha mpya ilionyesha uvimbe umeshuka mapafuni. Jumanne, kwenye skrini, madaktari sita wa nchi mbili waliitazama. Hawakubishana, na mkwe wangu anasema ndicho kilichomvunja, jinsi walivyokubaliana upesi. Mionzi haitamsaidia tena. Apewe dawa ya maumivu, akae nyumbani na watu wake. Kisha wakaingia kwenye faili la pili. Huyo wa pili alivuka wiki iliyofuata, kinyago kikamkaa sawasawa, jirani akanyoosha kidole gumba kwenye kamera na watu wakapiga makofi. Mama Sura naye alipiga.

Plastiki zilikuwa chache, kwa hiyo alikichukua kile kinyago cha kwanza cha fundi, kile cha ndevu, akakirudisha kwenye maji ya moto. Pua ilitangulia kulegea, kisha paji. Kidevu kile kipana kilikawia kidogo, nacho kikalala. Akakiinua, bapa jeupe la mtu yeyote.

Jumamosi alasiri alikwenda nyumbani kwao na kitana mkobani. Fundi alikuwa amelala upande kwenye godoro sebuleni, cherehani imesukumwa ukutani, imefunikwa shuka. Ndevu zilikuwa zimeanza kurudi, mabaka mabaka. Mkewe alikuwa akimpa dawa ya maji kwa kijiko, anafuta, anampa tena. Macho yake yalikuwa mekundu kwa usingizi.

"Karibu, dada. Angalia tulivyo."

Mama Sura alitoa kitana. Yule mama alikipokea, akautazama ule unywele mmoja, wala hakuutoa.

"Mama, siku ile sikuwaambia," Mama Sura akasema. "Simu ililia nikatoka. Sikurudi kusema. Na kwenye simu niliposema niliwaambia, nilisema uongo."

Fundi alifumbua macho. Sauti yake ilikuwa imebaki pumzi tu. "Nilimwambia," akasema. "Nilimwambia mke wangu, huyu mtoto hakusema kitu. Akasema nimezeeka, sisikii."

Mkewe alikaa na kijiko mkononi.

"Wiki saba," akasema. "Wiki saba kila nikimtazama naona wembe mkononi mwangu. Nimekitupa hata kile kioo. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ulikuja kutengeneza kile cha pili, ukaniangalia usoni, ukajua."

Mama Sura aliitikia kwa kichwa.

"Sitakuambia nimekusamehe," yule mama akasema. "Sina nguvu hiyo. Na wembe bado niliushika mimi." Akaweka kijiko kwenye kikombe. "Nina siku tatu sijafumba jicho. Kaa hapo. Akikoroma vibaya mgeuze, akiamka mpe kijiko kimoja, kimoja tu. Hilo angalau unaliweza?"

"Naliweza, mama."

Fundi alikuwa ameshafumba macho tena, dawa imemchukua. Mkewe akajinyoosha kwenye mkeka kando ya godoro, kitana kimebanwa kiganjani, na kabla hajamaliza kujifunika alikuwa amepitiwa.

Mama Sura akakaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa cherehani. Akawa anahesabu pumzi za mzee, moja ndefu, mbili fupi, moja ndefu. Alijikaza. Alijifinya paja. Pumzi zikaendelea, za huyu na za yule, jua likahama kutoka kwenye shuka likapanda ukutani, na kichwa chake kikaegemea chuma, naye akalala.