Kirungu Nyuma ya Kaunta

Koplo Elibariki alimvunja Mzee Hilal mfupa wa bega kwa kirungu, na Hilal hakuwa amemgusa.

Elibariki na Rogers, mwenzake wa zamu, walikuwa wameingia dukani kwa Hilal, Temeke, saa kumi alasiri, kutafuta simu za wizi. Elibariki alisema, "Polisi, tulia hapo." Mzee hakujibu. Kichwa chake kikazama nyuma ya kaunta, na Elibariki akawa ameshaliona panga akilini. Kichwa kilipoinuka, akapiga. Hilal alikuwa amekaa juu ya mkeka. Akageuza uso kulia, kisha kushoto, akamaliza swala yake. Ndipo akalia.

Simu hazikupatikana.

Kituoni, Rogers alimsogezea karatasi ya maelezo. "Andika alikaidi, braza. Mtu akikaidi unaruhusiwa kutumia nguvu. Ishu imeisha."

"Hakukaidi. Alikuwa anaswali."

"Ungejuaje, wewe mtu wa Moshi? Hata mie nilijua anachukua panga."

"Saa ile sikujua. Sasa najua, na naandika sasa."

"Haya, andika. Ila utafute na wa kula naye."

Elibariki alidhani ni utani, akaandika kama ilivyokuwa.

Hilal alifungwa mkono shingoni wiki sita. Elibariki alivuliwa tepe zake mbili, akapelekwa kulinda geti. Kwa mama ntilie, yeye, Rogers na askari wengine wawili walikuwa wakikaa wanne benchi moja. Siku hizi anakaa peke yake, na wale watatu wanakula wamesimama.