Mlima Uliompenda Mume wa Makdeok

Mwezi wa nane, kabla ya sikukuu ya mavuno, Makdeok alikuwa akifyeka majani kwenye kaburi la mumewe pale Bwana Pyo, mpimaji wa makaburi ya kifalme, alipokuja kuitua dira yake juu ya kaburi lenyewe.

"Mlima mgongoni, mto miguuni, joka kushoto, simbamarara kulia!" alisema kwa furaha, akionyesha vilima viwili vya pembeni. "Marehemu mfalme wetu atalala hapa. Bibi, mhamishe huyu wako."

"Ah! Mume wangu kalala na joka miaka yote hii, hawajagombana."

"Mkulima halali na joka. Ni amri."

Sasa angefanyaje? Makdeok aliifukua mifupa, akaifunga kwa kitambaa cha katani, akaibeba mgongoni hadi kwa dada yake ng'ambo ya bonde, kwenye tope ambalo hata vyura walilihama. Akamzika mumewe nyuma ya nyumba, akalala.

Asubuhi mlima ulikuwa umesimama pale nyuma, na misonobari yake yote. Mto ulifika mchana, maana ulilazimika kuzunguka.

"Utanizibia jua la pilipili zangu," alinung'unika dada mtu, kisha akaenda kuteka maji karibu.

Bwana Pyo naye akafika, tope magotini. Kule mlima ulikotoka alikuwa ameachiwa uwanja mtupu pamoja na jeneza la mfalme. Hakushangaa, alikasirika tu. Aliamuru mifupa ipakiwe kwenye mkokoteni, uvutwe huku na huku. Mlima ukaufuata huku na huku, mpaka maksai wakagoma.

"Kumbe unamtaka yeye!" alisema Pyo. "Basi na abaki na mfalme. Heshima iliyoje, bibi!"

Wakarudishwa wote. Mfalme akazikwa katikati, mume wa Makdeok pembeni, bila jiwe. Siku ya sikukuu Makdeok alikuja na keki za mchele, askari akamzuia mpakani mwa makaburi. Raia haingii.

"Yule ni mume wangu jamani!"

"Alikuwa, mama. Sasa ni wa ikulu."

Makdeok alilia mpaka kwikwi ikamshika. Bwana Pyo akaitwa.

"Bwana mkubwa, nikifa je? Mtanilaza naye?"

Pyo si mtu wa kuonea. Alimwomba asogee kidogo kushoto, kisha kulia. Wote wakautazama mlima. Haukutikisika.

"Hapana, bibi," alisema kwa upole. "Wewe haukufuati."